Saa Moja ya Kigoma Haina Jua

Hotuba kwa wazazi, walimu na wafanyabiashara, Kigoma mjini, mwezi Juni

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa Ujiji na Gungu, wazazi, walimu wenzangu, ndugu zangu wa mwaloni Kibirizi, na vijana mliosimama nje madirishani. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Swali mlilonipa nimelisikia vijiweni tangu nifike mkoa huu. Kwa nini tutumie saa ya Dar es Salaam wakati jua letu ni la Bujumbura? Je, Kigoma, pamoja na Kagera, Katavi na Rukwa kama zitapenda, zisihame tu ziingie kwenye saa ya Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki, yaani saa 2 mbele ya Greenwich, pale Uingereza ambapo saa za dunia huanzia kuhesabiwa, badala ya saa 3 tulizonazo? Nitalijibu. Lakini naomba nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha jambo hili kabla sijalisoma kitabuni.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilipohamishiwa huku kufundisha jiografia ulikuwa mwezi Julai, na wiki ya pili nikapangwa mwalimu wa zamu. Kule nilikotoka nilizoea kuhesabu namba saa 1:00 asubuhi, na nikaona hapana sababu ya kubadili. Asubuhi ya kwanza nilisimama getini na tochi mkononi. Waliokuja baada ya saa 1:00 niliwaweka kando, wakapewa adhabu ya kufyeka. Palikuwa na binti wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, sketi imelowa umande hadi magotini. Nikamuuliza kwa nini amechelewa. Akajibu, "Mwalimu, mama alisema nisubiri pakuche kwanza, kwa sababu ya korongo." Nikamwambia kumekucha zamani. Akageuka akatazama nyuma yake, upande wa milima, wala hakubisha. Akaenda kuchukua fyekeo.

Jioni ile nilifungua atlasi. Tanga na Kigoma ziko karibu kwenye mstari mmoja, zote nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana wake ni mmoja. Tofauti iko upande wa longitudo: Tanga nyuzi 39, Kigoma haijafika hata 30. Kila uzi mmoja dunia huuzunguka kwa dakika 4. Nilizidisha, nikapata dakika 38. Katikati ya Julai jua la Tanga huchomoza saa 12:33 hivi. La Kigoma huchomoza saa 1:11. Yule mtoto alichelewa kwa jua la Tanga. Kwa jua la kwao alikuwa amefika kabla halijatokeza, na mimi, mwalimu wa jiografia, nilimwadhibu kwa kumtii mama yake. Nilimwomba radhi kesho yake mbele ya wenzake, lakini nyasi zilikuwa zimeshafyekwa.

Sasa tulitazame jambo lenyewe.

Sisi wenye Kiswahili tuna saa ambayo mataifa mengi hayana. Mzungu huanza kuhesabu usiku wa manane, saa ambayo hakuna anayeiona kwa macho. Sisi tunaanza na mapambazuko. Saa moja maana yake jua limetembea saa moja. Saa sita jua limefika utosini, kivuli kimeingia miguuni. Saa kumi na mbili jua linatua. Wenzetu wa Rwanda nao husema "saa moya" za asubuhi wakiwa na maana hiyo hiyo, na Waethiopia huhesabu vivyo hivyo. Hii ni saa ya mkulima na ya mvuvi, ya watu wanaoamka na mwanga.

Sasa angalieni saa hiyo imefanywa nini. Kigali iko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 30, na saa 2 mbele ya Greenwich ndiyo saa ya mstari huo. Kwa hiyo, ukichukua wastani wa mwaka mzima, Mnyarwanda akisema saa sita, jua lipo utosini kweli. Dar es Salaam ikisema saa sita, jua bado dakika 23. Tofauti ndogo, mtu haioni. Hapa Kigoma saa sita ikigonga, jua bado saa nzima kufika utosini. Linafika saa saba na dakika moja. Na mwezi wa Februari, kwa jinsi mwendo wa jua unavyochelewa na kuwahi ndani ya mwaka, hufika saa 7:16. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma anajifunza darasani kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, halafu anatoka nje saa moja ya Julai na hakuna mchana. Neno limebaki, jua limeondoka ndani yake. Mimi ni mpenzi wa lugha hii, na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Mtu atauliza, nani alipanga hivi? Jibu fupi ni reli. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake ya jua. Treni zilipoanza kukimbia, mabwana stesheni wakachanganyikiwa, na mwaka 1883 makampuni ya reli ya Marekani yakajigawia kanda za saa. Mwaka uliofuata, 1884, mataifa 25 yakakutana Washington, yakakubali kuhesabu longitudo kutoka Greenwich. Kutoka Afrika kusini ya Sahara ilikuwapo Liberia peke yake. Baadaye ukazoeleka utaratibu wa kila nyuzi 15 kuwa saa moja. Kwa utaratibu huo, saa 3 mbele ya Greenwich ni saa ya mstari wa nyuzi 45. Mstari huo haupiti Tanzania kabisa. Uko baharini, mashariki ya mbali ya Unguja. Unapita karibu na Mogadishu.

Kwa hesabu kavu ya ramani, mpaka kati ya kanda ya saa 2 na kanda ya saa 3 ungekuwa nyuzi 37 na nusu. Moshi iko magharibi ya mstari huo kidogo, Morogoro mashariki yake kidogo. Maana yake ni nini? Ni kwamba tukisema tufuate jua kwa ukali, anayehama si Kigoma peke yake. Dodoma inahama. Arusha inahama, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyoko pale. Mwanza, Mbeya, Tabora, zote zinahama. Nairobi inahama. Kampala inahama, tena hiyo imo ndani kabisa ya kanda ya saa 2. Wanaobaki wengi ni wa pwani: Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Mombasa, Lamu na visiwa. Saa ya Afrika Mashariki ni saa ya bahari, na bara limeifuata.

Na haikushuka toka mbinguni. Kenya chini ya mkoloni ilianza na saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, mwaka 1928 ikapanda hadi saa 3, mwaka 1930 ikarudi mbili na nusu, ilipoingia 1937 ikaenda saa mbili na dakika 45, na mwaka 1942 ikarudi saa 3, ndipo ikatulia. Mara nne ndani ya miaka 14. Nayasema haya kwa wale wanaodhani kubadili saa ni kufuru. Saa ni mapatano ya watu, na watu wameyabadilisha mara nyingi.

Halafu tazameni majirani zetu. Tanzania inapakana na nchi 8. Kenya na Uganda tunatumia saa ileile. Rwanda, Burundi, Kongo kwa upande wake wa mashariki, Zambia, Malawi na Msumbiji, zote 6 zinatumia saa 2 mbele ya Greenwich. Ajabu kubwa ni Msumbiji. Mji wa Pemba wa kule Cabo Delgado uko mashariki kuliko Mtwara, jua la utosi linaufikia kabla ya Mtwara, lakini saa zake ziko nyuma ya Mtwara kwa saa nzima, kwa sababu unafuata saa ya Maputo. Mmakonde akivuka Ruvuma kwenda kusini hurudisha saa nyuma, jua likiwa palepale lilipokuwa. Na Tunduma, mpakani mwa Zambia, wale waliofika wanajua: upande huu wa barabara duka lina saa yake, ng'ambo Nakonde lina saa nyingine, na watu ni walewale, wanauziana, wanaoana, wakiahidiana lazima waulizane: saa ya huku au ya kule? Hapa kwetu swali hilo linaulizwa gatini kila siku. Boti ya Kalemie inaondoka saa ngapi, na kwa saa ya nani? Kule Kagunga, simu ikinasa mnara wa Burundi, saa inajirudisha yenyewe, na mtu anaamka akidhani bado ana muda.

Ndugu zangu wafanyabiashara, najua wengi wenu mmekuja mkitarajia niseme basi tuhame, tufanane na wateja wetu. Hoja yenu ina uzito, na kuna nchi imewahi kuifuata hadi mwisho. Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilikuwa upande wa Marekani wa mstari wa tarehe, ule wa baharini unaotenganisha siku na siku, huku biashara yake iko na Australia na New Zealand. Ijumaa yake ilikuwa Jumamosi ya wateja wake. Wiki nzima ikawabakizia siku nne za kufanya kazi pamoja. Basi mwaka 2011 walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ile nchini Samoa haikuwapo. Walihama kanda kwa ajili ya soko, na mpaka leo hawajarudi.

Lakini wapo waliohama wakarudi, na hao ndio ninaotaka tuwasikilize kwa makini, kwa sababu wengi wao walirudi kwa ajili ya asubuhi za watu wao.

Sudan iko karibu na longitudo yetu. Khartoum ni nyuzi 32 na nusu. Mwaka 2000 serikali ilisogeza saa mbele, ikaacha saa 2 ikaingia kwenye hii yetu ya saa 3. Kwa Khartoum, baridi ya Januari, jua likawa linachomoza saa imeshapita moja asubuhi. Wananchi walilalamika miaka na miaka. Tarehe 1 Novemba 2017 saa ikarudishwa. Sudan Kusini, iliyokuwa imerithi saa ile, ikarudi nayo tarehe 1 Februari 2021. Hawa ni jirani zetu wa jua. Walikaa kwenye kiti hiki tulichokalia, wakakiacha.

Ureno ilihamia saa ya Ulaya ya kati mwaka 1992, ipate kufanana na wenzake wa biashara. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani wakati wa baridi, na jioni za kiangazi mwanga ulichelewa kuisha, watoto hawalali. Mwaka 1996 wakarudi. São Tomé, nchi ya visiwa vya magharibi ya Afrika, ilihama tarehe 1 Januari 2018, ikarudi tarehe 1 Januari 2019: mwaka mmoja kamili.

Mnaona basi kwamba hoja ya mtoto gizani si ya Kigoma tu, wala si ya watu wavivu kuamka. Imepindua uamuzi wa serikali zaidi ya moja.

Sasa mbona nami sisemi tuhame? Nitawaambia kwa nini, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjapiga makofi au kuguna.

La kwanza ni mshono. Leo mshono kati ya saa 2 na saa 3 sehemu kubwa umepita majini: Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa, mito ya Songwe na Ruvuma. Tukihamisha Kigoma, mshono hauondoki. Tunauhamisha tu kutoka ziwani tunauleta nchi kavu, mahali fulani msituni kati ya Uvinza na Kaliua. Treni ya reli ya kati, inayofika hapa tangu 1914, itaingia saa nyingine katikati ya safari. Basi la Dar, benki, forodha, mzigo unaotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Bujumbura na Kalemie kupitia gati letu, vyote vitaanza kuulizana kile tunachoulizana na boti: saa ya huku au ya kule? Tutafanana na mteja wa ng'ambo, tutaachana na ghala la Dar. Na kwa wengi wenu hapa, mzigo unatoka Dar.

La pili ni mitihani, na hapa nasema kama mwalimu. Mtihani wa taifa huanza saa ileile nchi nzima. Tukiwa na saa mbili ndani ya nchi, kuna njia mbili tu. Ama kila mkoa uanze kwa saa yake, na hapo mtoto wa Dar atakuwa ameshakaa na karatasi saa nzima kabla ya kwetu kufungua bahasha; simu moja tu yatosha kuuharibu mtihani wa nchi. Ama wote waanze kwa pamoja, na hapo cha kwetu kitaanza saa moja ya saa yetu mpya. Saa moja hiyo ni saa mbili ya leo. Jua lile lile, giza lile lile. Hatujapata kitu.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha jambo. Ukisogeza saa, hakuna kilichosogea ila jina. Jua halikusogea. Mtoto hupata nafuu kwa sababu moja tu: kengele ya shule hugongwa kwa kufuata jina lile. Kinachomtoa mtoto kitandani ni kengele. Kama ni hivyo, kwa nini tusiishike kengele yenyewe?

La tatu ni umoja, na hili nalisema polepole. Machi 2023 serikali ya Lebanon, ambako saa husogezwa mbele kila kiangazi, iliahirisha kuisogeza hadi Ramadhani iishe, ikatangaza siku tatu kabla. Kanisa la Wakristo Wamaroni likakataa, vituo vya televisheni vikakataa. Kwa siku chache nchi moja, ndogo kuliko mkoa huu, ikawa na saa mbili, na ubishi wa saa ukageuka ubishi wa dini. Serikali ilirudi nyuma upesi, lakini waliyoyaona waliyaona. China nako, tangu 1949, nchi nzima hufuata saa ya Beijing. Kule Xinjiang, magharibi ya mbali, jua la utosi Urumqi hufika saa nane na dakika kumi hivi kwa saa ya Beijing. Wauighuri wengi, wenyeji wa kule, wakawa na saa yao, iliyo nyuma kwa saa mbili, na huko kutaja saa tu ni kujieleza wewe ni nani na uko upande gani. Sitaki mtoto wa Kigoma afike Dodoma aulizwe "saa ya kwenu ni ngapi" kwa sauti ile ambayo watu huulizia kabila.

Lakini Xinjiang hiyo hiyo ina jambo la kujifunza. Ofisi nyingi za kule hufunguliwa saa nne asubuhi kwa saa ya Beijing, kwa sababu ndiyo asubuhi ya kweli ya pale. India vilevile. Nchi nzima ina saa moja, na Assam, mashariki ya mbali, jua huwahi mno. Mashamba ya chai ya kule yana "saa ya shamba", saa moja mbele ya saa ya serikali, tangu enzi za ukoloni. Watu wa mashamba hayo hawakuihamisha India. Walihamisha kengele.

Na hatuna haja ya kwenda Assam. Twendeni Ujiji. Ramadhani, redio ya Dar es Salaam inaadhini Magharibi, na mfungaji wa Ujiji ana kikombe cha uji mbele yake. Anakinywa? Hakinywi. Anajua Magharibi ya Dar si Magharibi ya Ujiji. Jua bado liko juu ya milima ya Kongo, na ana zaidi ya nusu saa ya kungoja. Hakuna aliyemwambia aandamane kudai saa mpya. Msikiti una jedwali lake la mahali pake, saa ikiwa ile ile ya nchi. Na wavuvi wa dagaa, ndugu zangu wa karabai, wanakwenda kwa mwezi: mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, wanabaki nchi kavu, na hakuna waraka uliowaambia. Jambo likiwa na uzito kwa watu, watu huliwekea wakati wake. Kwenye swala tumefanya. Kwenye samaki tumefanya. Kwa mtoto wa shule tumemwachia saa ya Tanga.

Ninachokiomba basi ni hiki. Saa ya nchi ibaki moja, ya saa 3 mbele ya Greenwich. Lakini katika mkoa huu na ile inayofanana nao, mtoto wa msingi na wa sekondari ya kutwa asitakiwe kufika shuleni kabla ya saa 2:00 asubuhi, na kipindi cha kwanza kianze saa 2:30. Wenye mamlaka ya elimu tuwaandikie barua, tuwaeleze kwa hesabu, tuwaombe ruhusa ya kujaribu muhula mmoja.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Julai jua letu linachomoza saa 1:11, na mwanga wa kumtosha mtoto kuona njia huanza kama dakika 20 kabla, tuseme saa 12:50. Anayetembea saa nzima, akitoka nyumbani saa 12:55 anafika saa 1:55, na njia yote ameiona. Leo, kwa kengele ya saa 1:00, mtoto huyo anatoka saa 12:00. Hapo bado ni giza. Novemba ndio mwezi wetu wa kuwahi, jua hutokeza saa 12:36, hakuna tabu kabisa. Tabu kubwa iko Januari hadi Machi na Juni hadi Agosti. Februari watu huisahau, lakini jua lake nalo ni la saa 1:07, tena ni msimu wa mvua, njia ina matope na korongo lina maji.

Mtasema, basi atachelewa kurudi. Kweli, atarudi dakika 60 baadaye. Lakini tazameni upande wa pili wa siku, maana jua lililotunyima asubuhi linatulipa jioni, na malipo hayo hatuyatumii. Julai jua linatua Dar saa 12:20. Hapa linatua saa 1:03. Februari hapa ni saa 1:24 ndipo linazama. Shule ikifungwa saa 10:00 badala ya 9:00, mtoto wa saa nzima anafika nyumbani saa 11:00 na bado ana saa mbili za mwanga: kuchota maji, kucheza, kusoma bila kibatari. Mwenzake wa Tanga, akifika nyumbani saa hiyo hiyo, hana mwanga huo wote. Sisi tunao na tunauacha uzame ziwani kila jioni.

Mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita: na mimi ninayefungua kibanda saa 12:30, nimwachie nani mtoto? Swali hilo ni zito, na sikuwa na jibu la haraka. Nadhani shule ifungue geti na darasa moja lenye taa kwa anayelazimika kuwahi, lakini asiwepo mtu wa kuhesabu namba wala wa kuadhibu. Kuwahi kuwe ruhusa. Walimu wenzangu wenye shule za zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, kwenu ni vigumu zaidi. Zamu ya mchana itabanwa. Pale pengine tusogeze dakika 30 tu badala ya 60. Sitawadanganya kwamba njia ya kengele ni nyepesi. Kubadili saa ni saini moja, na kila kitu kinafuata chenyewe. Kubadili kengele ni kikao katika kila shule, na ukilala miaka miwili, mkuu mpya anaweza kuirudisha saa 1:00 kimyakimya. Lakini ina jambo moja ambalo saini haina. Ikishindwa, tunairudisha Jumatatu inayofuata na hakuna treni iliyopotea njia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8 na kanda 3 za saa, kutoka Mogadishu hadi Kinshasa ambako wako saa mbili nyuma yetu. Siku moja wakubwa watakaa kuzungumza saa ya Jumuiya, na ningependa siku hiyo wawe na kitu mkononi kutoka kwa watu wa ziwa, kilichoandikwa na sisi, chenye tarakimu zetu.

Ndiyo maana nimekuja na madaftari. Yapo pale mlangoni, kwa binti aliyevaa kitenge cha kijani. Naomba kila mzazi mwenye mtoto wa kutwa achukue ukurasa mmoja. Kuanzia tarehe 1 Julai hadi 31 aandike mambo matatu tu: mtoto ametoka nyumbani saa ngapi, amefika saa ngapi, na kama alihitaji tochi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto aandike. Wa Mwandiga, wa Mahembe, na ninyi wa vijiji vya kaskazini mnaoshuka na njia za mlimani, msikose, maana njia zenu ndizo ndefu. Jumamosi ya kwanza ya Agosti tuyalete hapa, tuyahesabu pamoja, na barua tutaiandika siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimeona wazee wa Ujiji wanatazama nje, na kweli jua linakaribia Kongo. Tuwaruhusu wakaswali. Maswali nitayapokea wakirudi.